Katika Hadithi za Mapenzi na Hatari, Nani Hulipa?

Kila mwaka shule zifungwapo mwezi wa Agosti, mwanafunzi wa Suneka hurudi kwao na mizigo miwili. Wa kwanza huonekana na kila mtu: sanduku la bati, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na madaftari aliyoagizwa ayapitie kabla ya muhula wa tatu. Wa pili hauonekani, maana umefichwa katikati ya nguo. Ni kitabu kidogo kisicho na jalada, kilichopita katika mikono mingi hata pembe zake zikawa laini kama kitambaa. Ndani yake yumo msichana mzuri, yumo mvulana asiyejulikana atokako, ipo siri, na yupo mtu anayewafuata usiku. Kila sura hukoma pale mlango unapogongwa.

Wewe msomaji, ambaye yamkini unacho kitabu cha namna hiyo chini ya mto wako, nataka nizungumze nawe juu yake. Usikifiche zaidi. Sikuja kukinyang'anya, kazi hiyo niliifanya zamani, na nitakueleza jinsi ilivyoniaibisha.

Huko Ulaya na Marekani hadithi hizi zina msimu wake. Wachapishaji huzitoa kwa wingi kabla ya likizo ndefu ya kiangazi, na vijana huzisoma wamelala mchangani kando ya bahari. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo. Agosti kwetu ni wakati wa kuvuna mahindi, na alasiri mvua hushuka kutoka milimani bila kubisha hodi. Kitabu husomwa jikoni kando ya moto, au chini ya migomba mama akiwa amekwenda sokoni, au katika simu, kwa wale wenye simu. Lakini kiu ni ile ile. Kijana akiwa Suneka au akiwa London, awapo na siku nyingi mbele yake na kazi asizozipenda, moyo wake hutamani mambo mawili: kupendwa, na kuponea chupuchupu. Mwandishi hodari humpa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Swali langu ni hili: je, ni vibaya kuzisoma hadithi hizo?

Wako wazee wanaojibu upesi kwamba ni vibaya, nazo zichomwe moto. Wako na wengine, hasa walimu waliochoka, wanaosema mwache asome, maadamu anasoma. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya haya mawili, maana yote yametoa hukumu bila kufungua kitabu.

Mimi nilikifungua. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni, nilimkuta mvulana wa kidato cha pili akisoma kitabu cha aina hii kwa kukifunika na kitabu cha jiografia. Nikakitwaa mbele ya darasa zima. Nikamwambia maneno makali juu ya wakati unaopotea, na juu ya baba yake aliyeuza ndizi ili amlipie ada. Usiku ule, nyumbani kwangu, nikakifungua kitabu kile nipate kuujua ubaya wake. Jogoo wa kwanza aliwika ningali nasoma. Na nilipofika pale ambapo wapendanao wamefungiwa katika bohari na harufu ya petroli inaanza kuingia kwa chini ya mlango, nikageuza ukurasa, nikakuta hakuna kurasa tena. Zilikuwa zimeng'oka zamani.

Asubuhi nikamwita yule mvulana. Alikuja akitetemeka akidhani ataadhibiwa. Nikamwuliza, kwa sauti ya chini, mwisho wa hadithi ni upi. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema: "Hata mimi siujui, Mwalimu. Kila mmoja wetu ana mwisho wake."

Tangu siku ile sina ujasiri wa kuzidharau hadithi hizi. Kitu kinachoweza kumkesha mtu mzima mwenye madaftari arobaini ya kusahihisha si kitu cha upuuzi. Kina nguvu, na chenye nguvu hustahili kuchunguzwa.

Tena si kitu kigeni. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi husimulia usiku baada ya usiku ili asiuawe na mumewe, naye hukata hadithi pale panapomchoma msikilizaji. Katika ngano za makabila mengi ya Afrika Mashariki yuko msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akampenda mgeni mzuri aliyekuja ngomani, akamfuata mbali, kumbe mgeni yule ni zimwi. Hebu niambie, kuna hadithi ya mapenzi na hatari inayoipita hiyo? Nyanya zetu waliisimulia gizani, mbele ya watoto wadogo, wala hapana mtu aliyesema watoto wataharibika.

Katika maandishi ya Kiswahili nako mambo haya yana umri. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, akatupa mpelelezi Willy Gamba, ambaye risasi na warembo humjia kwa zamu. Wazazi wa wengi wenu walimsoma Gamba kwa tochi ndani ya blanketi, ingawa leo hawatawaambia. Waliojua Kiingereza walimsoma James Hadley Chase, yule Mwingereza aliyeandika visa vya majambazi wa Marekani kwa kutumia ramani na kamusi za maneno ya mitaani, kwa kuwa nchi yenyewe hakuijua sana. Wasichana nao walikuwa na vile vitabu vyembamba vya mapenzi vya Mills & Boon. Wazazi hao hawakuwa majambazi. Wengine ni mashemasi.

Basi kama hatari si ngeni, na mapenzi si mageni, na waliozisoma jana hawakuangamia, lawama iko wapi? Nasema lawama ipo, lakini si pale inapotafutwa. Watu hutazama kama mna damu, au kama mna busu. Yafaa watazame jambo jingine.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya jaribio karibu na mji wa Vancouver, nchini Kanada. Huko kuna daraja jembamba linaloning'inia juu ya bonde lenye kina cha mita 70 hivi, nalo huyumba mtu apitapo. Msichana mmoja aliwekwa hapo awaulize wanaume waliokuwa wakivuka maswali machache, kisha awape namba yake ya simu, eti wakitaka kujua zaidi juu ya uchunguzi huo. Jambo lilo hilo likafanywa katika daraja jingine imara, la chini, lisilotisha. Kati ya wanaume 18 walioipokea namba ile katika daraja la kuyumba, 9 walimpigia msichana simu. Katika daraja imara walipokea 16, wakapiga 2 tu. Wataalamu wengine wamebishana juu ya maana yake, kama ilivyo kawaida yao. Lakini waliofanya jaribio walieleza hivi: mtu anapoogopa, moyo hupiga mbio, viganja hutoka jasho, pumzi hukatika. Mtu anapopenda, vivyo hivyo. Nao mwili hauna jina la kulipa kila tetemeko. Aliyetetemeka kwa ajili ya bonde akadhani ametetemeka kwa ajili ya msichana.

Watunzi wa hadithi waliijua siri hiyo kabla ya wataalamu. Ndiyo maana mapenzi ya kitabuni hayaanzi sokoni watu wakinunua mboga. Huanza katika mtumbwi unaozama. Msomaji anaogopa, na hofu yake inageuzwa taratibu kuwa mapenzi, hata afikapo ukurasa wa mwisho amekwisha kuamini, bila kuambiwa, kwamba pasipo hatari hapana mapenzi ya kweli.

Nitakueleza jinsi imani hiyo inavyotembea barabarani. Barabara kuu itokayo Kisii hupita Suneka ikielekea Rongo, Migori hadi mpakani Isebania, na malori hupita humo usiku na mchana. Nilipata kumfundisha msichana mmoja, mwenye akili na mpole, ambaye alikuwa akipenya katika ua wa shule baada ya masomo ya jioni ili akutane na kijana mwenye pikipiki. Hawakwenda mahali popote pa maana. Walikuwa wakipanda na kushuka barabara ile kwa mwendo wa kasi, taa ikiwa imezimwa. Usiku mmoja wa mvua walikutana na lori mtelemkoni. Msichana alitupwa majanini akaumia bega. Kijana alikatwa mguu hospitalini. Mama yake aliuza ng'ombe wawili aliokuwa nao, kisha kipande cha shamba, na mdogo wake akaacha shule kidato cha tatu ili aiendeshe pikipiki ile ile, maana deni lake lilikuwa halijaisha.

Yule msichana sasa ni mwalimu. Tulipokutana aliniambia: "Nilidhani, Mwalimu, kwamba kule kutetemeka ndiko kupenda. Yeye mwenyewe nilikuwa simjui. Sikujua hata kwamba ana mdogo wake."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Sikujua hata kwamba ana mdogo wake. Katika hadithi ya kusisimua mashujaa hawana wadogo zao. Hawana mama wenye ng'ombe wawili. Gari likiharibika, hapana anayelilipia; mlinzi akipigwa risasi langoni ili wapendanao wapate kukimbia, hapana anayekwenda kumwambia mkewe. Hatari imo tele, lakini gharama yake imefutwa, kama mtu atoaye mwiba katika ua kisha akakuuzia akisema ndivyo lilivyoota. Hiyo ndiyo lawama yangu. Sizilaumu hadithi hizi kwa kuwa zinaonyesha hatari. Nazilaumu pale zinapoonyesha hatari isiyolipiwa na mtu.

Nasema pale zinapofanya hivyo, kwa kuwa si zote. Rudi kwa yule msichana wa zimwi. Katika ngano ile gharama haifichwi: analia, anatafuta njia ya kurudi, na mara nyingi ni mdogo wake, yule aliyedharauliwa, aliyemfuata kwa siri akaja kumwokoa. Bibi aliyesimulia alijua ya kuwa nyuma ya kila mpenzi yuko mdogo mtu.

Na sasa nikupe mfano wa nchi yetu wenyewe. John Kiriamiti alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa mabavu. Akiwa gerezani aliandika kitabu cha Kiingereza juu ya maisha yake, My Life in Crime, kikatoka mwaka 1984, mwaka ule ule alioachiliwa. Sidhani kwamba kuna kitabu cha Mkenya kilichopita katika mabweni mengi kuliko hicho. Mhusika wake, Jack Zollo, huiba, hukimbia, hufukuzwa na polisi, hubadili majina na magari. Naye anaye mchumba, Milly, anayempenda sana. Ukikisoma ukiwa na miaka kumi na sita, huwezi kukiweka chini. Nimewaona wavulana wakimwiga Zollo katika kutembea. Milly yumo kitabuni, lakini yumo kama dirisha la nyumba lenye taa, ambalo mkimbizi hulitazama kwa mbali.

Kisha, mwaka 1989, Kiriamiti akafanya jambo ambalo watunzi wengi wa visa hivi hawalifanyi. Aliandika kitabu cha pili, My Life with a Criminal: Milly's Story, na safari hii msimulizi ni Milly. Mambo ni yale yale, miaka ni ile ile, lakini mtu anayesimama katikati amebadilika. Zile siku ambazo kwa Zollo zilikuwa mbio na bastola, kwake ni siku za kungojea. Mtu aliyempenda alikuwa na mwingine ndani yake ambaye hakujulishwa. Hapo hadithi ya kwanza inaletewa hesabu yake, na aliyeandikiwa hesabu hiyo si mwizi peke yake.

Nawashauri wanafunzi wangu wavisome vyote viwili, tena kwa kufuatana. Aliyesoma cha kwanza tu amekula akaondoka kabla ya kulipa. Na ajabu ni kwamba cha pili nacho kinasisimua, kukesha utakesha. Kwa hiyo wasikudanganye watu wanaosema kwamba hadithi ikitaja gharama itachosha.

Yuko na mama mmoja wa Marekani ambaye maisha yake hunirudia kila ninapofikiri juu ya jambo hili. Jina lake Lois Duncan, aliyeishi tangu 1934 hadi 2016. Yeye alikuwa miongoni mwa waliojenga aina hii ya riwaya kwa ajili ya vijana. Mwaka 1973 alitoa I Know What You Did Last Summer, yaani najua ulilolitenda kiangazi kilichopita. Vijana wanne, wavulana wawili na wasichana wawili wanaopendana, wanamgonga mtoto kwa gari usiku, mtoto anakufa, nao wanaapa kunyamaza. Mwaka mmoja baadaye barua inafika. Ukitazama sana, kitabu hicho chote ni deni lililokuja kudaiwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1989 binti yake mdogo, Kaitlyn, mwenye miaka 18, alipigwa risasi akiwa anaendesha gari katika mji wa Albuquerque, akafa. Mama yule aliyekuwa amewatia hofu vijana wengi kwa kalamu akawa ndiye mama wa hadithi. Alitafuta wauaji kwa miaka mingi, akaandika juu ya binti yake kitabu kilichotoka mwaka 1992, na visa vya vijana walio hatarini kwa sehemu kubwa akaviacha, akaandikia watoto wadogo. Kisha mwaka 1997 watu wa sinema wakakichukua kile kitabu chake cha kiangazi wakakifanya filamu ya muuaji mwenye ndoano, vijana wakichinjwa mmoja baada ya mmoja huku watazamaji wakipiga kelele za furaha. Sinema ikapata watu wengi sana. Yeye aliichukia, akasema hivyo hadharani.

Mtu anaweza kuniuliza: je, hiyo si hoja ya kuzikomesha kabisa? Sioni hivyo. Kitabu cha mwaka 1973 na filamu ya mwaka 1997 vina jina moja, kiangazi kimoja, na vijana wale wale wanne. Katika kitabu kuna mtoto aliyekufa, na kimya chao kinawala kutoka ndani. Katika filamu vifo vimekuwa njugu za kutafuna. Anayechoma vyote viwili kwa kiberiti kimoja hajaona tofauti, na asiyeona tofauti hafai kumchagulia kijana kitabu.

Lakini nisikuonee, msomaji. Kuna utamu ambao hauna haja ya kuombewa ruhusa. Mtu aliyepalilia tangu asubuhi ana haki ya kukimbizwa na majambazi hadi saa nne za usiku, mradi awe amekaa penye kiti chake. Nami ningali nasoma visa hivi, wala sijifichi tena. Ila sasa, mlinzi anapoanguka langoni, husimama kidogo kabla sijageuza ukurasa.

Mwaka jana nilikipeleka kile kitabu kisicho na mwisho katika chuo ninachofunza walimu. Yule mvulana alinipa kiwe changu alipomaliza shule. Alisema nakihitaji kuliko yeye, nami sikubisha. Niliwasomea wanachuo sura za mwisho zilizobaki, mpaka pale penye harufu ya petroli chini ya mlango, kisha nikawaambia kila mmoja aandike mwisho wake. Walikuwa wanachuo thelathini na mmoja. Karibu wote waliwaokoa wapendanao: wengine kwa dirisha, wengine kwa polisi waliofika kwa wakati, mmoja kwa mvua ya mawe, naye alikuwa mtu wa Kisii bila shaka. Wawili waliwaua, wakajiona hodari.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma hakuandika neno juu ya bohari. Aliandika juu ya mwanamke anayeamshwa alfajiri na mjumbe, anayeuliza mumewe yuko wapi, maana zamu ya ulinzi huisha saa kumi na mbili na chai imekwisha kuwekwa mezani. Mumewe ni yule mlinzi wa langoni, aliyepigwa risasi katika sura ya tatu ili gari lipate kupita. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili, na mlinzi yule nilikuwa nimemsahau.

Alipomaliza kusoma, darasa lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza mlinzi yule alikuwa akiitwa nani. Tukarudi kwenye sura ya tatu, tukiwa tumeinama wengi juu ya kitabu kimoja, tukalitafuta jina lake mstari kwa mstari. Hakupewa.